Chili ya kuku na maharagwe yenye pilipili: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaojaribu chili, yaani mchuzi mzito wa nyama, maharagwe na pilipili, nyumbani hukwama palepale. Maharagwe yamechemka nusu siku na bado yanagoma kuiva. Kuku amekauka, ukimtafuna anabaki nyuzinyuzi mdomoni. Pilipili inaunguza ulimi lakini mchuzi wenyewe hauna ladha.

Mara nyingi chanzo ni kimoja: kila kitu kimeingia sufuriani kwa wakati mmoja, moto ukaachiwa umalize kazi. Maharagwe, kuku na viungo haviivi kwa muda sawa, na nyanya ikiwahi kuingia huyazuia maharagwe kulainika. Kwa hiyo hapa tutapika kila kimoja kwa wakati wake, kisha tuvikutanishe vikiwa tayari. Ni kazi zaidi kidogo, na ukiifuata utapata mchuzi mzito, mwekundu uliokolea, wenye maharagwe laini na vipande vya kuku vyenye majimaji.

## Mahitaji (watu 6)

Maharagwe:
- maharagwe mekundu makavu, gramu 350
- chumvi ya kulowekea, vijiko vya chakula 1½
- jani la bei (bay leaf) 1, ukiwa nalo

Kuku na mchuzi:
- mapaja ya kuku yasiyo na mfupa wala ngozi, gramu 800 (yenye mfupa, kilo 1.1)
- vitunguu maji vikubwa 2
- vitunguu saumu, punje 6
- pilipili hoho 2, moja nyekundu ukiweza
- pilipili kali mbichi 2
- nyanya zilizoiva sana, gramu 800, au makopo 2 ya gramu 400
- nyanya ya kopo iliyo nzito, vijiko vya chakula 2
- mafuta ya kupikia, vijiko vya chakula 4
- chumvi
- ndimu 1

Viungo vya unga:
- bizari nyembamba, kijiko cha chakula 1
- paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), kijiko cha chakula 1 (ya moshi ni bora zaidi)
- mbegu za giligilani zilizosagwa, vijiko vya chai 2
- pilipili kali ya unga, kijiko cha chai 1
- oregano kavu, kijiko cha chai 1
- kakao isiyo na sukari, kijiko cha chai 1. Si lazima, ila huupa mchuzi rangi na uzito

Vyombo: sufuria nzito yenye kitako kinene ya lita 5 au zaidi, sufuria nyingine ya maharagwe, mwiko wa mbao, bakuli kubwa. Kipimajoto cha nyama kitakusaidia sana, ingawa unaweza kupika bila hicho.

Pima viungo vyote vya unga kwenye kibakuli kimoja kabla ya kuwasha jiko, na ufungue kopo la nyanya. Kuna sehemu moja hapa chini ambapo utakuwa na sekunde chache tu, na hapo ndipo wengi huunguza kwa sababu bado wanahangaika na vifuniko.

Ukitumia maharagwe ya kopo, chukua makopo 3 ya gramu 400, yachuje, yasuuze, na uanzie hatua ya 3. Hayo yameshaiva kiwandani.

## Hatua ya 1: Loweka maharagwe kwenye maji ya chumvi

Chambua maharagwe kwenye sinia. Toa mawe, na toa pia yaliyosinyaa au yenye matundu. Osha, weka kwenye bakuli kubwa, mimina lita 2 za maji baridi, koroga na chumvi ya kulowekea, funika. Yaache kwa muda wa saa 8 hadi 12. Jikoni kukiwa na joto, weka bakuli kwenye friji, kwa kuwa maharagwe yaliyolowekwa huchacha upesi.

Huenda umewahi kuambiwa kwamba chumvi huyafanya maharagwe yawe magumu. Ukweli ni kinyume chake. Sodiamu iliyo kwenye chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na magnesiamu zinazokaza ganda. Ganda hulegea, na harage huiva bila kupasuka.

Utajua yamefaulu yakiwa yamekaribia kuongezeka maradufu na ganda likiwa limetanuka bila mikunjo. Kata harage moja katikati: rangi ya ndani iwe sawa mpaka kwenye kiini. Ukiona kiini cheupe kikavu, yaongezee muda.

## Hatua ya 2: Chemsha maharagwe peke yake, mpaka yaive kabisa

Mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya yapite maharagwe kwa kimo cha vidole vitatu. Tia jani la bei. Usitie nyanya, usitie ndimu, wala siki.

Washa moto mkali mpaka yatokote kwa nguvu, na uyaache yatokote hivyo kwa dakika 10 kamili bila kupunguza. Dakika 30 ni salama zaidi, na mimi sipungui hapo. Baada ya hapo punguza moto yachemke polepole, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Maharagwe mekundu yaliyolowekwa vizuri huchukua kati ya dakika 45 na 90.

Onyo hili lichukue kwa uzito. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini iitwayo fitohemaglutinini. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumletea mtu kichefuchefu kikali, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Mtokoto mkali huiharibu sumu hiyo. Joto dogo haliiharibu, na maharagwe yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu zaidi kuliko yale mabichi. Ndiyo maana usiweke kamwe maharagwe mekundu mabichi kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole. Yatokote kwanza jikoni, kisha uyahamishie huko. Sufuria ya presha haina shida hiyo, kwa sababu joto lake linapita la maji yanayotokota.

Kuhusu maharagwe yanayogoma: sababu ziko tatu. Ya kwanza ni tindikali. Nyanya na ndimu huimarisha pektini inayoshikilia chembe za harage, na hapo hata ukipika mpaka usiku wa manane, katikati patabaki pagumu. Ya pili ni maji yenye chokaa nyingi; kalsiamu yake hufanya kazi ileile. Ya tatu ni umri. Maharagwe yaliyokaa ghalani miaka, hasa penye joto na unyevu, hubadilika ndani na mengine hayaivi tena hata uyafanyeje.

Kwa maji ya chokaa au maharagwe ya zamani, tia robo kijiko cha chai cha magadi soda kwenye maji ya kuchemshia. Usizidishe, maana ladha ya sabuni haitoki, na maharagwe yatavurugika.

Zikibaki kama dakika 20, tia kijiko cha chai 1 cha chumvi.

Utajua yamefaulu ukichukua maharagwe matano kutoka sehemu tofauti za sufuria na yote matano yakapondeka kwa ulimi dhidi ya kaakaa, bila chengachenga. Moja likikataa, endelea kuchemsha. Usijiambie kwamba yatamalizikia kwenye mchuzi. Kwenye mchuzi kuna nyanya, na nimeshaeleza nyanya inafanya nini.

Chuja, lakini hifadhi vikombe 3 vya maji yake. Maji hayo yana wanga na ladha, na ndiyo supu yetu. Kama ulitia magadi, yamwage na utumie maji ya kawaida.

## Hatua ya 3: Kausha kuku, mkaange apate rangi

Usioshe kuku mbichi chini ya bomba. Maji yanayoruka husambaza bakteria kwenye sinki, vyombo na nguo, na kuosha hakuwaondoi. Joto la kupikia ndilo linalowaua. Mfute tu kwa karatasi za jikoni mpaka awe mkavu kabisa, kisha mnyunyizie kijiko cha chai 1 cha chumvi pande zote. Ubao na kisu vilivyomgusa vioshe kwa sabuni na maji moto kabla havijagusa kitu kingine.

Ukavu una sababu yake. Nyama yenye majimaji juu haiwezi kupita joto la maji yanayochemka mpaka maji yote yakauke, wakati rangi ya kahawia na harufu yake vinahitaji joto kubwa zaidi. Kuku mwenye maji atatokoseka tu.

Pasha vijiko 2 vya mafuta kwenye sufuria nzito, moto wa wastani kuelekea mkali. Panga mapaja yakiwa mazima, yasigusane. Kwa sufuria nyingi hii ina maana ya awamu mbili. Ukiyajaza yote pamoja yatatoa maji na kujichemsha. Yaache dakika 4 hadi 5 bila kuyagusa. Yakishaiva upande huo yatabanduka yenyewe. Geuza, dakika 3 nyingine, toa, weka kwenye sahani safi. Ndani hayajaiva bado, usiyaonje.

Kwa nini mapaja? Yana mafuta zaidi na tishu nyingi za kuunganisha, ambazo huyeyuka kwenye mchuzi na kuufanya mzito, kwa hiyo huvumilia jiko la muda mrefu. Kidari hukauka mapema. Kama unacho kidari tu, kipike, ila fuata maelekezo yake maalumu kwenye hatua ya 6.

Utajua imefaulu ukiona kahawia ya dhahabu kwenye nyama, na chini ya sufuria kumebaki utando wa kahawia uliogandia. Usiuoshe. Ukiwa mweusi na unanuka kuungua, hapo ndipo uoshe sufuria na kuanza na mafuta mapya.

## Hatua ya 4: Vitunguu, pilipili, na zile sekunde chache

Punguza moto uwe wa wastani. Ongeza vijiko 2 vya mafuta, vitunguu maji vilivyokatwa vidogo na chumvi kidogo. Vitunguu vitatoa maji. Yatumie kukwangua ule utando kwa mwiko. Kaanga dakika 8 hadi 10, mpaka vilainike na kingo zianze kugeuka rangi. Watu hukatisha hapa kwenye dakika ya tatu, halafu wanashangaa mchuzi una ukali wa kitunguu kibichi.

Tia pilipili hoho zilizokatwa na pilipili kali, dakika 5. Kisha kitunguu saumu kilichopondwa, dakika 1 tu, maana kikiungua huleta uchungu.

Neno kuhusu pilipili kali, kwa kuwa hapa ndipo unapoamua chili yako itakuwa ya nani. Ukali hutoka kwenye kapsaisini, na kapsaisini nyingi imo kwenye utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe ni kali kwa sababu tu zimeugusa. Ukitaka harufu ya pilipili na ukali wa kiasi, pasua, kwangua ule weupe wote kwa kijiko, kata maganda. Ukitaka moto wenyewe, kata nzima. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, ndiyo maana pilipili iliyokaangwa husambaza ukali wake sawasawa katika sufuria nzima, na ile inayotupwa mwishoni humvizia mlaji mmoja. Vaa glavu ukiikata. Kama huna, paka mikono mafuta ya kula, sugua, kisha nawa kwa sabuni, na usijiguse macho.

Sasa viungo. Punguza moto. Mimina kibakuli chote cha viungo vya unga kwenye mafuta, koroga bila kuacha kwa sekunde 30 hadi 45. Mafuta hutoa harufu ambazo maji hayawezi kuzitoa, na tofauti kati ya viungo vilivyokaangwa na vilivyotupwa kwenye mchuzi ni kubwa kiasi kwamba mtu angedhani ni mapishi mawili. Sufuria ikiwa kavu, ongeza mafuta kidogo kabla ya kutia viungo.

Harufu ikipanda tu, tia nyanya nzito ya kopo. Hiyo hushusha joto na kuviokoa viungo. Endelea kukoroga dakika 2, mpaka nyanya igeuke kutoka nyekundu ang'avu hadi rangi ya matofali.

Onyo: viungo vikitoa moshi au harufu kali ya kuchoma koo, vimeungua. Sukari haitaviokoa wala nyanya. Vimwage, osha sufuria, anza tena na vitunguu. Kuku na maharagwe yako bado ni salama pembeni, hasara ni ndogo.

## Hatua ya 5: Ivisha nyanya

Tia nyanya zilizosagwa au kukatwakatwa. Moto wa wastani, kifuniko wazi, dakika 12 hadi 15, ukikoroga mara kwa mara ili zisishike chini. Lengo ni kukausha maji na kuondoa ukali wa nyanya mbichi.

Utajua zimeiva ukiona mafuta yamejitenga na kuelea pembeni, na mwiko ukipita chini unaacha njia inayobaki wazi kidogo kabla ya kufunga.

## Hatua ya 6: Rudisha kuku

Rudisha mapaja pamoja na majimaji yaliyotiririka kwenye sahani. Ongeza vikombe 2 vya maji ya maharagwe (kama huna, ya kawaida). Ikianza kuchemka, shusha moto mpaka uone viputo vichache tu vikipasuka taratibu. Funika nusu. Mapaja bila mfupa, dakika 25 hadi 30. Yenye mfupa, 35 hadi 40.

Usiharakishe kwa moto mkali. Mtokoto wa nguvu hukamua nyuzi za nyama, na kuku anaweza kukauka huku akiwa amezama kwenye mchuzi.

Kwa kidari: kirudishe kikiwa kizima, dakika 12 hadi 15 tu, kitoe kikifika nyuzi 74, kichambue, na ukihifadhi mpaka dakika 5 za mwisho kabisa za mapishi.

Utajua yameiva kipimajoto kikisoma angalau nyuzi 74 kwenye sehemu nene. Hicho ndicho kiwango cha usalama. Lakini paja huwa tamu zaidi likifika 85 au 90, tishu zikiwa zimeyeyuka. Bila kipimajoto, chomeka uma na uzungushe: nyama ifunguke kwa urahisi, pasiwe na rangi ya waridi ndani wala karibu na mfupa.

Toa mapaja, yachambue kwa uma mbili yawe vipande vinene. Vikiwa vidogo mno vitapotelea kwenye mchuzi.

## Hatua ya 7: Kutanisha kila kitu

Chukua kikombe 1 cha maharagwe yaliyoiva, yaponde kwa uma mpaka yawe rojo, yatie sufuriani. Hicho ndicho kinachoipa chili hii uzito. Huhitaji unga wa aina yoyote. Tia maharagwe mengine yote, kisha kuku. Moto mdogo, bila kifuniko, dakika 20, ukikoroga kwa upole na kukwangua chini, maana wanga wa maharagwe hushika haraka.

Utajua imefika kijiko kikisimama kidogo kabla ya kuinama, na ukichota kwenye sahani mchuzi usijitenge na kuwa maji pembeni. Ikiwa nyepesi, iache zaidi bila kifuniko. Ikikaza mno, ongeza maji ya maharagwe yakiwa ya moto, kidogo kidogo.

## Hatua ya 8: Onja na urekebishe, kwa mpangilio huu

Zima jiko, subiri dakika 10, kisha onja. Chakula cha moto sana huficha chumvi.

Anza na chumvi. Maharagwe huinywa, kwa hiyo chili iliyokuwa sawa nusu saa iliyopita inaweza kuwa imepooza sasa. Ongeza robo kijiko, koroga, onja tena. Ikiwa chumvi imetosha na bado ladha imelala, kamulia nusu ndimu. Usianze na ndimu kabla ya chumvi, utaishia na mchuzi mchachu usio na ladha.

Ukali ukizidi, ongeza maharagwe au nyanya zilizoivishwa pembeni, na uandae kwa mtindi mzito juu yake. Mafuta na protini za maziwa huishika kapsaisini. Maji ya kunywa hayasaidii kitu. Kutia kiazi hakufyonzi ukali wala chumvi peke yake. Kinachopunguza ni wingi wa chakula ulichoongeza.

Ukali ukipungua mno, usitupe pilipili ya unga mbichi juu. Ikaange sekunde chache kwenye kijiko cha mafuta kikaangoni, kisha uyamimine mafuta hayo sufuriani.

Andaa na wali, mkate au viazi, majani ya giligilani yaliyokatwa juu ukiyapenda.

## Kuhifadhi

Chili hii huwa bora siku ya pili, viungo vikishaingia kwenye maharagwe, kwa hiyo kupika ya kubaki ni uamuzi mzuri. Ila usiiache kwenye sufuria kubwa usiku kucha. Igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka na iingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kwenye friji inakaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza miezi 2 hadi 3 bila kupoteza ladha.

Ya friza iyeyushie kwenye friji, si juu ya meza. Wakati wa kupasha moto, ongeza maji kidogo, koroga mara kwa mara mpaka itokote katikati na si pembeni tu, na upashe kiasi utakachokula mara hiyo.